Nilivyouingiza utafiti wa usaili ofisini kwetu

Nilianza kazi ya rasilimali watu nikiwa na makala moja niliyoithamini mno: ile ya Frank Schmidt na John Hunter ya mwaka 1998, iliyokusanya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Inaonyesha kwamba usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji hutabiri utendaji vizuri kuliko maongezi ya papo kwa papo, na kwamba miaka ya uzoefu, tuliyoisisitiza katika kila tangazo la kazi, hutabiri kidogo sana. Nikachapa nakala sita, nikawagawia wakuu wa idara.

Baada ya wiki tatu niliiona nakala moja ghalani. Mgongoni mtu alikuwa amepiga hesabu za magurudumu ya toroli.

Iliniuma. Nilipoisoma upya kwa macho ya mkuu wa ghala, nikaelewa: kurasa zote zile hazina hata swali moja la kumuuliza mtunza ghala. Watafiti waliandikiana wao kwa wao, na siwalaumu, kwa sababu mhadhiri hupanda cheo kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida. Mkuu wa ghala anataka mtu Jumatatu.

Nikaacha kugawa makala. Nikaenda kukaa naye, nikamwomba anisimulie siku mtunza ghala alipomharibia kazi. Akanisimulia ya kijana aliyekuta mzigo pungufu, akafuta namba kwenye daftari ili hesabu zilingane. Hapo hapo tukapata swali: umehesabu, maboksi manne hayapo, gari linasubiri kupakia; utafanyaje? Kupanga alama kulituchukua alasiri mbili. Anayerekebisha daftari, 1. Anayempigia bosi simu na kungoja, 3. Anayehesabu tena, akauzuia mzigo huo tu, akaandika tofauti na kutoa taarifa, 5. Mbinu hii ya kuanzia matukio halisi John Flanagan aliieleza mwaka 1954, na Gary Latham na wenzake wakatunga nayo maswali ya usaili mwaka 1980. Majina hayo sikuyataja.

Kazi ilikuwa kwenye kanuni ya kila mjumbe wa jopo la usaili kujaza alama zake kabla mtu hajafungua mdomo. "Mdogo wangu," mkuu aliniambia, "mimi mtu namjua akishaingia mlangoni." Sikubishana. Nikamwomba aandike alichokiona mlangoni, kisha ajaze na fomu ya alama. Mwombaji mmoja, msemaji mzuri sana, alipewa 5 na huyu na 2 na yule kwa swali lilelile. Ikabidi wafungue walichoandika. Hakuna mahali aliposema angehesabu tena. Nadhani siku hiyo ndiyo fomu ilipokubalika, ingawa mwombaji mmoja hathibitishi kitu.

Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya makadirio ya Schmidt na Hunter ya jinsi kila njia inavyotabiri utendaji, mengi yakashuka. La usaili wa maswali yaliyopangwa lilitoka 0.51 hadi 0.42, katika kipimo ambacho 0 ni kutotabiri chochote na 1 ni kutabiri bila kukosea, lakini likaongoza orodha. Nilimweleza mkuu yote, pamoja na kushuka huko. Akauliza, "Kwa hiyo fomu inabaki?"

Inabaki, nikamjibu, ila tuandike na utendaji wa kila tuliyemwajiri baada ya miezi sita, tuone alama zetu wenyewe zinaendana nao kiasi gani. Daftari hilo sasa analitunza yeye.