Presha, kibofu na joto la Dar: ninavyoviweka kwenye ratiba moja ya MS

Mwenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia neva za ubongo na uti wa mgongo) akilalamika kizunguzungu, kwa kawaida anapimwa presha akiwa amekaa. Kwangu kiti hakikuwahi kuonyesha kitu. Kipimo kinachosema kweli ni hiki: lala chali dakika 5, pima. Simama, pima tena dakika ya 1 na ya 3, mkono ukiwa umeshikiliwa usawa wa moyo. Ukiuacha unaning'inia, mashine inasoma juu kuliko hali halisi na tatizo linajificha. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ndiyo presha ya kushuka kwa kusimama. Presha ikibaki palepale lakini mapigo yakapanda 30 au zaidi ndani ya dakika 10, hilo ni tatizo jingine la mfumo huohuo wa neva unaoongoza presha na mapigo, liandike pia. Asubuhi saba kwenye daftari zinamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Sababu ni kwamba makovu ya MS kwenye shina la ubongo na uti wa mgongo hukata amri ya kubana mishipa ya damu ya miguuni. Ukisimama, damu inabaki chini. Makovu hayohayo huvuruga kibofu, na hapo ndipo watu wengi tunajifunga wenyewe: unaogopa mkojo kukubana kwenye foleni ya Mbagala, hunywi maji, presha inashuka zaidi na choo kinakuwa kigumu.

Dawa yangu ni maji kwa saa. Saa 11 alfajiri, kabla ya kutoka kitandani, nusu lita ndani ya dakika 4 hivi. Kunywa kwa mkupuo hivyo hupandisha presha kwa muda wa saa moja au karibu, inatosha kuoga na kuvaa. Naoga maji ya baridi, nimekaa kwenye kigoda. Mkojo unakuja kuanzia saa 12. Nakojoa, nasubiri dakika chache, nakojoa tena, kwa sababu kibofu cha MS huacha mabaki na mabaki huzaa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Saa 1 natoka. Nikifika narudia maji kidogo kidogo, na zikibaki saa mbili kabla ya kulala naacha. Dafu ni tamu, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo halijazi nafasi ya chumvi. Chumvi yenyewe usiiongeze bila daktari, hasa ukiwa na figo mbovu au presha inayopanda ukilala.

Nikikosa siti kwenye daladala, nakunja miguu mkasi na kukaza mapaja na makalio nusu dakika, naachia, narudia. Sahani kubwa ya wali au ugali mchana huvuta damu tumboni. Nala nusu, nyingine saa 10.

Joto ndilo gumu zaidi. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliandika mwaka 1890 kuhusu wagonjwa ambao macho yalififia baada ya kujichosha. Mwili ukipanda nusu nyuzi tu, neva ambayo MS imeichuna ganda lake inapitisha ujumbe kwa shida. Ukipoa, hali inarudi. Kanga mbichi na feni vinafaa Dodoma. Hapa Januari hewa imeshiba maji, jasho halikauki na kanga inakuwa ya moto kama ngozi. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikazungushiwa kitenge, shingoni kwa dakika 10 hadi 15, inafanya kazi hata umeme ukikatika.

Kagua pia dawa zako. Oksibutini hutuliza kibofu lakini hupunguza jasho, yaani inazima kipoza cha mwili. Tizanidini ya misuli, amitriptilini ya maumivu na tamsulosini ya mkojo zote zinaweza kushusha presha ukisimama. Usiziache ghafla, peleka orodha pamoja na daftari, uulize ipi ihamishiwe usiku na ipi ipunguzwe.

Miguu ikilegea ghafla huku una homa, usikimbilie kudhani MS imelipuka upya. Pima mkojo kwanza, kabla mtu hajakuandikia steroidi (dawa ya kutuliza mlipuko wa MS), maana UTI peke yake inaweza kuleta joto la kutosha kuirudisha dalili ya zamani.