Jabali halikutuzuia: tulivyochora njia ya mita 200 shuleni

Kiwanja cha shule yetu hapa Ilemela, Mwanza, kina urefu wa mita 100 hivi na upana wa 48. Karibu na katikati yake limekaa jabali kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Nilipotaka kuchora hapo njia ya mbio ya mita 200, ushauri niliopewa ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza: choma matairi juu ya jiwe siku nzima, limwagie maji lipasuke. Wa pili: achana na kiwanja hiki, chukua watoto kumi wenye kipaji uwapeleke viwanja vya Nyamagana au Kirumba wakajiandae na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, wengine wacheze rede.

Huo wa pili uliniudhi, na bado unaniudhi. UMITASHUMTA huanzia shuleni, ikapanda hadi kata, halmashauri, mkoa na taifa. Shule ikiteua kumi kwa macho tu kabla mtoto yeyote hajapimwa, ngazi ya kwanza imekufa. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku. Anayekaa pembeni akishangilia hapati hata tano. Na matairi? Moshi wake ni sumu, na jiwe likipasuka huacha vigae vikali ardhini, kwenye uwanja wa watoto wanaokimbia peku.

Jabali tukaliacha katikati, njia ikalizunguka.

Njia ya mita 200 ina pande mbili zilizonyooka za mita 50 na kona mbili za nusu duara. Kona mbili zigawane mita 100, kwa hiyo mkimbiaji anazunguka kwa nusukipenyo cha mita 15.92. Lakini hakimbii juu ya mstari, anakimbia pembeni yake. Pakiwa na ukingo ulioinuka, kanuni za riadha hupima sentimita 30 kutoka ukingoni; pakiwa na mstari tu, hupima sentimita 20. Sisi tulikuwa na mstari tu, hivyo nusukipenyo cha kuchorea kikawa mita 15.72. Ukiweka leni nne, yaani vichochoro vya wakimbiaji, za mita 1.22, eneo lote linakuwa mita 91 na kidogo kwa mita 41 na kidogo. Likaingia.

Kawaida watu huanza na mstari wa katikati, wakachomeka vigingi viwili vya kona umbali wa mita 50, wakazungusha. Kwetu jabali lilisimama hapohapo, na kigingi kimoja hukioni ukiwa kwenye kingine. Dawa yake ni kuanza na upande mmoja ulionyooka. Vuta uzi mita 50, A hadi B. Kwenye A piga skwea, yaani pembe mraba, kama fundi ujenzi, ila kwa vipimo vikubwa: mita 9 upande huu, 12 upande ule, na ulalo uwe 15. Skwea ya mita 3, 4 na 5 ni ndogo mno kwa kazi hii. Kosa la kidole kimoja hapo, ukifika mita 31 limekuwa kosa la mkono. Nyoosha hadi mita 31.44, hiyo ni D. Rudia kwenye B upate C. Sasa pima D hadi C. Isipotoka mita 50, kuna pembe iliyokosea; ikitoka 50, bado pembe zote mbili zinaweza kuwa zimelalia upande mmoja kwa kiasi kilekile. Ulalo wa A hadi C hatukuweza kuupima kwa sababu ya jiwe, kwa hiyo D hadi C ndiyo iliyokuwa hakimu wetu. Kigingi cha kona kinakaa katikati ya A na D, kingine katikati ya B na C. Kamba ya kuchorea inafagia nusu duara kwenda nje tu, jabali hailigusi, mradi liwe lote ndani ya mstatili huo.

Hapo kwenye kufagia ndipo tulipopoteza mchana mzima. Kamba ya kwanza ilikuwa ya nailoni, ile ya bluu ya wavuvi, maana mwaloni, wanakoshushia samaki, haikosekani. Tukaipima mita 15.72 ikiwa imelala chini, tukaifunga kwenye kigingi, kijana wa darasa la saba akaanza kuchora kutoka A. Alipofika upande wa D alikuwa nje kwa zaidi ya futi moja. Tukalaumu skwea, tukaing'oa yote, tukapima upya. Ikatoka vilevile. Mara ya tatu nilimwambia avute kwa nguvu zilezile za kuchorea, nikaipima kamba ikiwa hewani: ilikuwa imerefuka. Nailoni huvutika, na mchoraji huvuta zaidi kadiri anavyochoka. Kila sentimita 10 za ziada kwenye nusukipenyo huongeza sentimita 63 kwenye mzunguko, kwa hiyo njia yetu ingekuwa ndefu kwa mita mbili na kitu. Tukanunua waya wa kufungia nondo, shilingi elfu chache, tukausokota nyuzi mbili pamoja. Kona ikatua juu ya D, na ya pili juu ya C. Katani nayo isikudanganye: ikilowa hubadilika urefu.

Sasa mistari ya kuanzia, ambayo ndiyo huharibu mashindano mengi ya kata. Kwa mzunguko mmoja mzima ndani ya leni, leni ya pili inatangulia mita 7.67, ya tatu 15.33, ya nne 23.00. Ukubwa wa uwanja haubadilishi namba hizi, kwa sababu kinachohesabiwa ni upana wa leni. Ukiona karatasi yenye 7.04, 14.70 na 22.37, hizo ni za uwanja wenye ukingo ulioinuka. Ukizinakili kwenye mstari wa majivu, watoto wa leni za nje wanakimbia sentimita 63 zaidi, na kwa mtoto hizo ni nafasi ya kwanza au ya tatu. Kwa mita 100 yenye kona moja tumia nusu: 3.83, 7.67 na 11.50. Pima kwa kuilaza futikamba kwenye mpindo, sentimita 20 kutoka mstari wa ndani wa leni husika, ukiibana kwa misumari kila mita moja. Ukiinyoosha angani umekata kona.

Kwenye kupokezana vijiti, eneo la kupokezana la 4x100 siku hizi ni mita 30. Wengi bado wanachora 20. Vijiti tulikata kwenye bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 40, sentimita 29 kila kimoja, ncha zikapigwa msasa.

Chokaa ya ujenzi sikuitaka, inaunguza macho na ngozi. Tulipewa bure majivu ya pumba za mpunga kwenye tanuru la tofali. Chimba mfereji wa kina cha vidole viwili, upana sentimita 5, jaza majivu yaliyolowanishwa, shindilia. Usiyamwage makavu, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Mstari uliomwagwa juu ya ardhi huondoka na mvua moja, huu wa mferejini wetu ulivuka vuli.

Mwinuko wa kiwanja hatukuusawazisha, ila mstari wa kumalizia tuliuweka upande unaopanda kidogo. Mtoto akimaliza akiteremka hawezi kusimama, anaishia kwenye ua.

Darasa la watoto 90 hukimbia wanne wanne, kundi jipya kila sekunde 30. Zamu moja ya wote ni kama dakika 12, hivyo kila mtoto anakimbia mara tatu ndani ya dakika 40. Muda wake anaandikiwa, na wiki inayofuata anashindana na namba yake mwenyewe. Kabla ya mbio, mstari wa watoto bega kwa bega unapita njia nzima kuokota mbigili na vigae vya chupa.

Baada ya mbio, hakuna kwenda kuoga ziwani. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, mtoto akiwa amesimama tu majini pale ukingoni penye majani na konokono. Maji ya kunawa tunayachota siku mbili kabla na kuyafunika kwenye pipa. Vijidudu vya kichocho haviishi muda huo bila kumpata mtu.

Jabali sasa ni jukwaa. Wanaosubiri zamu wanakaa juu yake na kuhesabu mizunguko kwa sauti, na kutoka pale unaziona leni zote nne.