Kinasa sauti cha mfukoni kwenye tamasha: sauti hupasukia wapi

Rekodi hafifu ya tamasha inatibika. Iliyopasuka haitibiki: kilele cha wimbi kikishakatwa, programu yoyote ya kurekebisha hubahatisha tu umbo lililokuwepo. Ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye kiwango cha kurekodi.

Kwanza zima marekebisho ya otomatiki ya kiwango. Ukiyaacha, kinasa hushusha sauti ngoma zinapolia na kuipandisha muziki unapotulia, na kelele za watu zitakuwa zinavimba kila bendi ikipumua. Chagua WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kilohezi 48. Bendi ya kufungua ikianza, rekebisha hadi vilele vicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri (kikomo cha juu cha mita), kisha teremsha kidogo tena, kwa sababu bendi kuu mara nyingi hupigiwa kwa sauti kubwa zaidi. Mita ya kiwango cha sauti ikionekana fupi usihangaike. Kwa biti 24, ukija kupandisha desibeli 10 baadaye, kelele utakayoisikia ni ya ukumbi, si ya mashine.

Kuna tatizo moja linalowasumbua hata wazoefu: mita iko chini kabisa, taa ya hatari haijawaka, lakini besi inakwaruza. Hapo sauti imepasuka kabla haijafika kwenye kitufe cha kiwango. Katika vinasa vingi vidogo, kitufe hicho kiko nyuma ya hatua ya kwanza ya kukuza sauti. Hatua hiyo ikizidiwa na spika za besi, kupunguza kitufe hupunguza tu ukubwa wa sauti iliyokwisha kuharibika. Ukifungua faili utaona vilele vimekatwa bapa mbali kabisa na sifuri. Tafuta swichi au menyu ya usikivu wa maiki uiweke LOW. Hiyo ndiyo inayopunguza mapema. Isipotosha, tumia maiki ndogo za nje zenye kisanduku cha betri ya volti 9, uziingize kwenye tundu la laini (LINE IN), si la maiki. Vinasa vya biti 32 za floti, yaani vinavyohifadhi sauti ndogo na kubwa mno bila kukata kilele, kama Zoom F3, huondoa wasiwasi wa kitufe, lakini kapsuli ya maiki (sehemu inayopokea sauti) ikizidiwa, hata hivyo havisaidii.

Kichujio cha besi nakishauri kwa upepo tu, pamoja na sponji. Ndani ya ukumbi kizime. Besi iliyozidi hupunguzwa baadaye, iliyochujwa hairudi.

Mahali pazuri ni karibu na fundi wa mixa, kwa kuwa yeye hupanga sauti kwa masikio yake mwenyewe. Omba ruhusa, kisha inua kinasa juu ya vichwa, kama mita 2.5, kwenye stendi. Epuka ukuta wa nyuma, maana hukusanya besi, na chini ya roshani, ambako sauti nyembamba za juu hufifia. Usikishike mkononi: kila kidole kinachosogea husikika.

Waya kutoka kwenye mixa unavutia, ila katika ukumbi mdogo huleta sauti nyingi za waimbaji na ngoma kidogo, kwani ngoma na gitaa husikika moja kwa moja kutoka jukwaani bila kuhitaji kuongezwa sana. Ukiuchanganya na rekodi ya maiki, kumbuka sauti hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita. Maiki iliyo mita 20 kutoka kwenye spika huchelewa karibu milisekunde 58, kwa hiyo ichelewesha sauti ya mixa kwa kiasi hicho. Mashine zikiwa mbili, kagua tena mwishoni mwa onyesho, maana saa zake za ndani huachana polepole.

Stereo ya biti 24 na kilohezi 48 hula takriban gigabaiti 1 kwa saa. Fomati kadi ndani ya kinasa chenyewe. Betri ziwe mpya. Ukitumia za kuchaji, badilisha aina ya betri kwenye menyu, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

Halafu kuna kosa linalopoteza tamasha zima. Kwenye vinasa vingi, kubonyeza REC mara ya kwanza huweka mashine tayari tu: taa humweka na mita hucheza, lakini hakuna kinachoandikwa. Bonyeza tena, hakikisha sekunde zinahesabu, ndipo usukume swichi ya HOLD, inayofunga vitufe.