Nywila ndani ya logi

Usiku mmoja, nikitafuta sababu ya watumiaji wachache kushindwa kuingia katika mfumo niliokuwa nikiutunza, nilifungua faili la logi, yaani lile ambamo programu huandika kila inachokifanya. Katika mstari mmoja palikuwa na saa, anwani ya barua pepe na, mbele yake, nywila ya mtu, herufi kwa herufi: jina lililoelekea kuwa la mtoto, likifuatiwa na mwaka. Nilishuka mistari kadhaa nikakuta nyingine, kisha nyingine tena. Aliyesababisha hayo nilikuwa mimi, kwani miezi kadhaa nyuma, nikisaka hitilafu, niliagiza ombi zima la kuingia liandikwe kama lilivyo. Hitilafu ilipatikana, agizo likasahaulika.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba hifadhidata yetu ilikuwa safi. Humo hapakuwa na nywila hata moja, bali matokeo ya bcrypt, hesabu ya kugeuza nywila kuwa maandishi yasiyorudishika, iliyobuniwa mwaka 1999 na kufanywa ya polepole kwa makusudi ili anayebahatisha achoke. Lakini ombi hufika kwenye seva kabla hesabu hiyo haijafanyika, na logi ilikuwa imekaa mlangoni ikinakili kila kipitacho.

Twitter ilikumbwa na jambo lilo hilo Mei 2018, ikalazimika kuwashauri watumiaji wake wote, wapatao milioni 330, wabadilishe nywila. Machi 2019 Facebook nayo ilikiri kuwa nywila za mamia ya mamilioni ya watu zilikuwa zikisomeka katika mifumo yake ya ndani, na Septemba 2024 mamlaka ya kulinda data ya Ireland ikaitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, faini ya euro milioni 91. Sidhani kama wahandisi wao walikuwa wazembe kuliko sisi wengine. Logi haihesabiwi kuwa ghala la data, kwa hiyo hakuna anayeiwekea kufuli. (Desemba 2021 tuliona pia kwamba Log4j, maktaba ya programu (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ili tuutumie) ambayo kazi yake ni kuandika logi tu, iliweza kumpa mgeni udhibiti wa seva kwa sababu ya maandishi aliyoyatuma mwenyewe.)

Kuondoa agizo langu kulichukua dakika tano. Kusafisha kulichukua siku nyingi, maana logi zilikuwa zimekwisha kunakiliwa kwenye huduma ya ufuatiliaji, kwenye nakala za akiba na kwenye kompyuta za wenzangu wawili waliowahi kunisaidia.

Mwanzoni tuliweka kichujio cha kuficha kila sehemu iliyoitwa «nywila», hadi tulipogundua kuwa fomu nyingine, iliyoandikwa na mwenzetu, iliita sehemu hiyo «nenosiri». Tukageuza utaratibu: sasa hakiandikwi chochote isipokuwa kile kilichoruhusiwa kwa jina. Nikaongeza pia jaribio linaloingia kwa nywila bandia, kisha linaitafuta katika logi zote. Lilipoendeshwa mara ya kwanza lilifeli, kwani nywila hiyo ilikuwa ndani ya ujumbe wa kosa ambao maktaba tuliyoiazima iliuandika yenyewe, bila kupitia kwenye kichujio chetu.