Maji yanaingilia pale ukuta unapokutana na jamvi

Juzi nimeshuka tena kwenye besimenti ya jengo moja hapa Dar, nilikuwa fundi sanifu pale saiti wakati linajengwa, nikakuta mstari mweupe wa chumvi umetambaa pembeni yote ya upande mmoja, chini kabisa pale ukuta unapokaa juu ya jamvi, yaani ile sakafu nene ya zege inayobeba jengo. Roho iliniuma kweli. Ule mstari naujua ulikotoka.

Jamvi na ukuta havimwagwi siku moja. Unamwaga jamvi kwanza, zege linakauka, alafu ndo unakuja na ukuta, na zege jipya halishikani na la zamani likawa kitu kimoja. Kwahiyo pale katikati unaweka ule mkanda wa plastiki tunaouita wotastopu, nusu imezama kwenye jamvi na nusu imesimama inasubiri ukuta. Siku ile upande huo mkanda ulikuwa umelala, vijana wa nondo walikuwa wanaukanyaga wakipita, na sehemu mbili ulikuwa umepandishwa tu mmoja juu ya mwingine bila kuchomelewa. Nikamwonyesha mzee aliyekuwa anasimamia zege, akanambia kijana wangu magari ya zege yapo getini jua linazama, wewe mwaga, nje si tutapiga lami. Nikanyamaza, na mpaka leo najutia.

Nje kweli tulipiga, tena sio lami ya kupaka, zile karatasi za lami za kuchomea kwa gesi. Ila kijiko, ile mashine ya kuchimba, kilivyokuja kurudisha udongo kilirudisha na mawe na vipande vya tofali, na ukutani hakukuwa na mbao wala bodi yoyote ya kukinga. Karatasi ikichanika huko chini nani ataiona tena?

Kwa miezi yote ya ujenzi besimenti ilikuwa kavu kabisa maana pampu zilikuwa zinavuta maji ya ardhini usiku na mchana, na hicho ndo kinawadanganya watu wengi, wanakuja wanaona pakavu wanasema kazi nzuri. Pampu hazizimwi mapema, jengo likiwa bado jepesi maji yanaweza kulinyanyua kama mtumbwi, zinazimwa uzito ukishatosha. Tulivyozizima maji yakarudi kwenye usawa wake na masika ya kwanza tu ukuta ukaanza kutoa jasho. Yaani kila mita moja chini ya usawa wa maji ni tani moja inayosukuma kila mita ya mraba, ukienda mita 3 ni tani 3, kwahiyo yule anayekuuzia rangi ya kuzuia maji upake kwa ndani mfikirie mara mbili, maji yanaisukuma kutoka nyuma mpaka inabanduka.

Tumetoboa ukuta tukapiga sindano ya poliyurethani, ile dawa inayovimba ikikutana na maji. Inasaidia, ila ukiziba hapa maji yanatembea kwenye kiungo yanatokea mita mbili mbele, unafuata tena. Na huku karibu na bahari maji yenyewe yanakuwa na chumvi, nondo ikianza kutu inavimba na kupasua zege kutokea ndani, hiyo ndo inayoninyima usingizi kuliko sakafu kulowa.

Kiwango cha Uingereza, BS 8102, kinataja njia tatu: ngozi ya kuzuia maji kama zile karatasi za lami, zege lenyewe lisilopitisha maji, au kuyaacha yaingie kwenye mfereji wa ndani na kuyatoa kwa pampu. Mimi kwa ardhi yetu ya mchanga siwezi kutegemea moja, nachanganya. Na zege nalisimamia mwenyewe: mfuko wa saruji wa kilo 50 maji yasivuke lita 25, na hapo unahesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga uliolowana, vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishindiliwe, ifike mpaka chini kwenye kile kiungo, na maboksi, zile mbao za kushikilia zege likiwa bichi, yakitoka, matundu ya boliti zilizoyafunga yanazibwa moja moja.

Jumatatu tuna jamvi lingine la kumwaga, saiti nyingine. Mkanda tumeshauchomelea viungo vyote na kuufunga kwa waya kwenye nondo ili usilale, na nimeomba zege lije saa moja asubuhi, sio jioni.