Tafuta mtu wa kuongea naye, hata kwa simu

Sisi wabeba boksi wa Uingereza, hasa tulioingia kwenye kazi za kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa, tumekuwa hodari wa kujibu "salama". Mama akiuliza habari za huku, salama. Kaka akiuliza kazi, inakwenda. Simu ikikatwa unabaki na yako moyoni, na zamu ya usiku inaanza saa mbili. Naandika kwa ajili ya wanaobaki na yao moyoni, kwa sababu kuna msaada wa kuzungumza na mtaalamu ambao kodi yetu inaulipia kila mwezi na wengi hatuugusi.

Baba yangu alifariki nyumbani Muheza, Tanzania, nikiwa Leicester. Nauli ya ghafla sikuwa nayo, likizo haikupatikana. Mazishi niliyaona kwenye WhatsApp, picha ikiganda kila watu waliposogelea kaburi, dua ikinifikia vipande vipande. Wiki hiyohiyo nilikuwa kazini, nawaogesha na kuwalisha baba za wenzangu. Miezi ikapita. Nilikula, nilifanya kazi, nilituma pesa. Lakini usingizi ulinihama, na nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mkenya, ndiye aliyeniambia: "Dadangu, huu si uchovu tu. Tafuta mtu uongee naye."

Huduma aliyonielekeza inaitwa NHS Talking Therapies, yaani tiba ya mazungumzo ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Ilianza mwaka 2008 kwa jina jingine, hili la sasa ni la 2023. Ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao. Ukiwa mtu mzima na umeandikishwa kwa GP, yaani daktari wa mtaani kwako, unajaza fomu mwenyewe mtandaoni, hulazimiki kumwona daktari kwanza, na hulipi hata senti. Ambaye hajaandikishwa kwa GP aanzie hapo, wala asiogope: kujiandikisha hakuhitaji kuonyesha kitambulisho wala karatasi za uhamiaji. Na si lazima uwe umeanguka chini ndipo uombe. Huduma hii iliwekwa kwa ajili ya watu wanaoamka na kwenda kazini kama kawaida, huku huzuni au wasiwasi unawala taratibu.

Kwanza unapigiwa simu ya tathmini. Kuna maswali tisa ya sonona na saba ya wasiwasi, yote yanahusu wiki mbili zilizopita: jambo fulani limekusumbua siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku? Kwenye swali la usingizi, wewe wa zamu ya usiku sema wazi kwamba unalala mchana, maana anayekuhoji hawezi kulijua hilo. La tisa linauliza kama umewahi kuwaza kwamba afadhali ungekufa. Lijibu kwa ukweli. Anaulizwa kila mtu.

Baada ya hapo unasubiri, na muda wa kusubiri hutofautiana eneo na eneo. Kisha mnaanza, mara nyingi kwa simu au kwa video. Tabu kubwa ya wengi wetu ni mahali. Tunapanga vyumba, kuta nyembamba, watoto wamejaa sebuleni. Mimi nilizungumza ndani ya gari, kwenye maegesho ya supamaketi, vioo nimevipandisha, simu nimeiegemeza kwenye usukani.

Mtaalamu wangu, mama mmoja wa Kiingereza, hakuanza na mawaidha. Aliniuliza: "Baba yako asubuhi alikuwa akifanya nini?" Nikamweleza alivyokuwa akitoka msikitini alfajiri, anapita kwenye michungwa yake mmoja mmoja akiigusa majani, ndipo arudi barazani kunywa chai. Nililia mpaka nikashindwa kuendelea, naye akasubiri. Tangu azikwe hakuna aliyekuwa ameniuliza habari zake. Nyumbani tulizungumza michango ya arobaini, kodi ya maturubai, nani ametoa na nani bado. Siwalaumu, yale yalikuwa lazima. Lakini anayekutegemea hawezi kukusikiliza kwa utulivu. Ukimwambia umechoka, yeye anasikia ada ya shule haitafika, dawa za mama hazitanunuliwa. Yule mama hakunitegemea kwa lolote, na maneno yangu yasingerudi Muheza. Ndiyo maana nilisema yote.

Mazoezi nayo yalikuwepo. Alinipa jedwali la wiki: andika saa kwa saa ulichofanya na moyo ulikuwaje. Nilipolijaza niliona wiki nzima ni kazi, kitanda na simu ya nyumbani. Tukaanza kupachika vitu vidogo, kwa siku maalumu na saa maalumu: kutembea mchana kabla giza la Desemba halijaingia, kwenda kwenye kisomo cha kina mama. Unafanya hata kama hujisikii, kisha unaandika ilikuwaje. Kwangu usingizi ndio uliotangulia kurudi.

Najua watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Daktari Dixon Chibanda ni Mzimbabwe, na tangu 2006 alianza kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare wakae kwenye mabenchi ya zahanati na kuzungumza na wenye huzuni. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wala sala haikunizuia. Naswali, na yule mama hakuwahi kunitenga na dini yangu.

Kiingereza kisikutishe, unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Ila jamii yetu ni ndogo. Ukiogopa kwamba mkalimani atakuwa mtu mnayekutana harusini, sema mapema, uombe wa simu kutoka mji mwingine. Siri yako inalindwa, isipokuwa pakiwa na hatari kwa maisha yako, ya mwingine, au ya mtoto. Kuhusu visa, fomu nilizojaza mimi hazikuwahi kuuliza kama nimezungumza na mtaalamu.

Wapo wanaopenda kulipia mtaalamu wa nyumbani, mzungumze Kiswahili kwa video, mkikumbuka tofauti ya saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto. Ni njia nzuri, mradi uulize usajili wake. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014. Hapa Uingereza pia kuwa macho: yeyote anaruhusiwa kujiita mshauri au mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, kwa hiyo mtafute kwenye orodha ya BACP, chama cha washauri, kabla ya kutoa pauni zako.

Na kama mawazo ya kujiua yameshaingia, usisubiri fomu. Piga 111 uchague afya ya akili, au Samaritans, shirika la kusikiliza walio kwenye dhiki, 116 123, ni bure usiku na mchana. Hatari ikiwa ya papo hapo, 999.

Kwa wengine wote, fomu ina mahali pa kuandika kinachokusumbua. Hapahitajiki insha. "Nimefiwa na silali" inatosha, watakupigia.