Fukuto la Dar linaumiza zaidi usiku

Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana wa Dar es Salaam hufika nyuzi joto 32 au 33. Namba hiyo peke yake haimtishi mtu. Kazi iko kwenye fukuto: hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho linachuruzika badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Usiku nao kipimajoto hakishuki sana chini ya 25, tena hapo ni nje. Ndani ya chumba cha Manzese au Buguruni chenye bati tupu, dirisha moja na ukuta wa jirani puani, ni habari nyingine.

Bati lenyewe hupoa upesi jua likizama. Tofali za saruji na sakafu ndizo zinazokesha: zimekula joto tangu asubuhi, zinalitema hadi usiku wa manane. Ndiyo maana saa nne usiku watu bado wako barazani na mkeka. Moyo uliosukuma damu kwenye ngozi mchana kutwa haupati nafasi ya kupumzika. Kijana ataamka na usingizi tu. Mzee mwenye presha, mjamzito na mtoto mchanga wanazidi kuchoka kila usiku unaopita hivyo. Mzee akifariki, cheti kitasema moyo au kiharusi. Ahmedabad, India, joto lilionekana pale vifo vyote vilipohesabiwa: Mei 2010 vilizidi kawaida kwa 1,344, na mwaka 2013 jiji likatoa mpango wa kukabiliana na joto.

Halafu kuna chandarua. Neti hupunguza upepo, kwa hiyo fukuto likizidi ndiyo ya kwanza kukunjwa, na mbu wanashukuru. Kumhimiza mtu alale ndani ya neti bila kugusa joto la chumba chake ni kupoteza maneno.

Kwa hiyo anza na paa. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijageuka joto. Chumba cha mita 3 kwa 3 na nusu kina bati la mita za mraba kama 13. Lita 1 hupaka mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, basi mikono miwili inataka lita 3 hivi. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha vumbi, chumvi na mafuta kwa maji ya sabuni, acha likauke kabisa. Tumia rangi ya maji ya nje, ile ya akriliki inayokubali mabati. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye bati la zinki huonekana nzuri miezi michache kisha inabanduka kama ganda: mafuta yake hukutana na zinki yakafanya kitu mfano wa sabuni chini ya rangi. Fundi atalaumu rangi feki. Paka asubuhi, maana bati la saa saba hukausha rangi kabla haijashika. Paa likichafuka, weupe hupungua nguvu, kwa hiyo lioshe kila mwaka kabla ya kaskazi. Kama mnakinga maji ya kunywa, hakikisheni rangi haina madini ya risasi.

Silingi bodi inasaidia, ila ukiziba kila tundu juu ya ukuta, joto linafungiwa kati ya bati na bodi. Acha matundu pande mbili, uyawekee wavu wa mbu.

Na feni? Jioni nje kukiwa na nafuu, ielekeze dirishani isukume hewa ya ndani itoke, mlango ukiwa wazi. Wakati wa kulala, ipulize juu ya mwili uliopanguswa kitambaa chenye maji. Hewa ya chumba ikipita nyuzi 35 na ngozi ikiwa kavu, feni inakupulizia moto tu.

Mtu akizidiwa, angalia akili kabla ya ngozi. Kizunguzungu, misuli kukaza na kichefuchefu: kivulini, maji kidogo kidogo, au ORS pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi. Akianza kupayuka, kuyumba kama mlevi au kupata degedege, hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Kuli au bodaboda anaweza kuanguka akiwa amelowa chepechepe. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, barafu iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena huku usafiri ukitafutwa. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Panadol haisaidii hapa, kwa sababu inashusha homa ya ugonjwa, na huyu hana homa: mwili umeshindwa kutoa joto.

Zahanati nyingi zitawaza malaria kwanza, na kwa Dar si kosa. Kipimo kifanyike, lakini ndoo ya maji itangulie, na kumwagiwa kusisimame wakati majibu yanasubiriwa.